Daktari Hakusema Chai

Ukitaka tugombane, wewe niambie tu kwamba wifi yangu alikuwa anaumwa mawazo. Wapo waliosema hivyo, na mmoja wao alikuwa amevaa koti jeupe. Wengine walisema uvivu, wengine mimba, wengine eti kadekezwa na mumewe. Kila mtu alikuwa na jina la ule ugonjwa isipokuwa mwenye tumbo lenyewe, maana yeye hakuna aliyejali kumwuliza.

Kwanza nimtambulishe. Huyu ni mke wa kaka yangu mkubwa, na najua mnavyosema kuhusu mawifi. Ndiyo, tulianza kwa kununiana kama kawaida, mwaka wa kwanza hata chumvi hatukuombana. Lakini tukaja kuajiriwa kiwanda kimoja, cherehani yake na yangu zikawekwa bega kwa bega, na mtu ukikaa naye hivyo kutwa nzima, ama mtauana ama mtapendana. Sisi tulipendana. Kazini wanamwita Bi Kola kwa sababu ndiye anayeshona kola. Mimi wananiita Domo, na sababu mtaiona wenyewe.

Kiwanda chenyewe ni jumba refu la bati, tunashona mashati ya sare za shule. Hakuna anayeshona shati zima. Huyu anashona mabega, yule mikono, mwingine mfuko, na shati linatembea meza kwa meza mpaka mwisho. Safu hiyo ya meza inaitwa laini. Bi Kola anaunganisha vipande viwili vya kola na kitambaa kigumu katikati, anaipindua, anachokonoa pembe kwa kijiti mpaka zitoke ncha mbili zinazolingana, kisha anaipitishia mshono wa juu. Ananipa mimi, naishona kwenye shingo ya shati. Kola ndiyo kazi ngumu kuliko zote pale. Ikipinda kidogo tu, mtoto anaonekana kavaa shati la kuazima. Kiti cha kola hupewi kwa sura. Wifi yangu alikaa miaka kwenye vifungo na mifuko kabla hajakipata, na siku alipokipata alirudi nyumbani anaimba, na yeye si mtu wa kuimba. Kiti hicho ndicho walichotaka kumnyang'anya.

Msimamizi wetu tulimbandika jina la Bwana Laini. Si kwa ulaini, msije mkadanganyika, ulaini hana hata wa sauti. Ni kwa sababu kutwa anazunguka nyuma ya migongo yetu akisema, "Laini isikatike! Laini isikatike!" Mtu mmoja akisimama, wa mbele yake anakosa kazi na wa nyuma yake anarundikiwa, na hapo Bwana Laini anaota pembe.

Basi, saa nne kengele inalia, tunapewa chai. Anayeitoa ni tajiri mwenye kiwanda, na jambo hilo hatuachi kukumbushwa. Mama Birika, mpishi wetu, anapita na birika lake kubwa, unakinga kikombe, unapokea na kipande cha mkate, unakula haraka haraka, unarudi kwenye cherehani. Na kabla ya chakula cha mchana Bi Kola anaanza kujikunja. Kwanza tumbo linaunguruma mpaka mimi jirani nalisikia juu ya kelele za mashine. Halafu linajaa, anafungua kifungo cha sketi. Halafu jasho. Halafu anainuka, anapita upande upande kati ya meza akikimbilia chooni, ameuma midomo, na Bwana Laini anapaza sauti nyuma yake: "Abiria huyo! Safari njema!" Na watu wanacheka. Wanacheka! Watu wazima, wenye matumbo yao wenyewe, wanamcheka mwenzao anayeumwa tumbo.

Mimi nilikuwa nawajibu. Nilimwambia fundi wa mifuko, tena mbele za watu, kwamba akiendelea kucheka nitamshonea kola mdomoni. Lakini Bi Kola alikuwa akirudi ananishika mkono, ananiambia, "Wacha, wifi. Utaharibu kazi." Anakaa, anavuta kitambaa, anaendelea, uso umempauka. Siku haipiti hajaondoka mara mbili tatu. Mimi nabaki mikono mitupu namsubiri, na wa nyuma yake mashati yanamfika kifuani.

Nyumbani nako hakukuwa na afadhali. Tunaishi pamoja, yeye na kaka, mimi, na mama yangu mzazi, ambaye nampenda na sitamsema zaidi ya inavyobidi. Mama kwanza alifurahi. Alisema ni mimba. Miezi ikapita, tumbo likawa linajaa asubuhi na kupungua jioni, mama akaona mjukuu wa aina hiyo hajawahi kumsikia. Furaha ikageuka. "Huyu anakwepa kazi," akaniambia jikoni, kwa sauti ya kunong'ona ambayo mtaa mzima uliisikia. "Wakati wa kunywa chai yumo, anakunywa na anaongeza. Vikifika vyombo vya kuosha, mbio chooni! Hilo tumbo linajua vyombo?"

"Mama, mtu hawezi kujiharisha kwa makusudi."

"Wewe umeshalishwa na wifi yako."

Na kaka yangu je? Kaka ni dereva wa malori, akirudi safari amechoka hoi. Mkewe akimweleza anasema, "Pole, mke wangu," kwa upole kabisa, na kabla ya "pole" ya pili ameshaanza kukoroma.

Tukaenda duka la dawa. Muuza dawa hakumwacha hata amalize sentensi. Alisikia neno "tumbo" tu, mkono umeshafika kwenye rafu. "Vidonda vya tumbo hivyo," akasema. "Meza hizi, na kila ukimeza, shushia na glasi ya maziwa. Maziwa yanatuliza." Jamani! Wifi yangu akatii. Yeye ukimwambia jambo anatii, ndiyo tabia yake, ningekuwa mimi ningeuliza. Akanunua maziwa, akayachemsha, akanywa glasi nzima, asubuhi na jioni, na wiki ile niliona mtu anavyokwisha. Macho yaliingia ndani. Mama mwenyewe alinyamaza, akampikia uji bila kuambiwa.

Ndipo nikamburuta hospitali. Tulikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, tukaingia kwa daktari mmoja mwenye miwani, kijana, mwenye haraka lakini si mbaya. Sitamsingizia, alisikiliza. Aliposikia habari ya glasi za maziwa akainua kichwa.

"Ulipoanza maziwa ndipo ulipozidiwa?"

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo, ulikuwa mtu wa kunywa maziwa?"

"Hapana, daktari. Mimi si mtu wa maziwa."

"Haya. Acha maziwa kabisa. Usiyaguse. Na dawa hizi za vidonda achana nazo. Mwezi ukiisha urudi uniambie."

Mnamwona? Alikuwa ameshaushika ugonjwa mkononi. Na wifi yangu aliyaacha maziwa, nashuhudia mimi. Glasi hakuishika tena. Hata mama alipomtengea maziwa ya mgando siku moja kwa kumwonea huruma, aliyasukuma pembeni akasema daktari kakataza. Zile glasi zilipoondoka, akarudi kama zamani: si wa kufa, si wa kupona. Tumbo lile lile, mbio zile zile, "Abiria" ile ile. Mwezi ukaisha, tukarudi.

"Umeacha maziwa?"

"Nimeacha kabisa."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

"Na bado?"

"Bado."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Basi si maziwa," akasema. "Una mawazo?"

"Nina mawazo ya tumbo langu, daktari."

Mimi nilicheka, daktari hakucheka. Akasema tumbo na akili ni ndugu, kwamba mtu akibeba mambo moyoni tumbo ndilo linaloyatapika, kwamba apunguze wasiwasi, alale vizuri. Apunguze wasiwasi! Mtu anakaribia kunyang'anywa kiti, anachekwa na watu laini nzima, anasemwa na mama mkwe, halafu unamwambia ugonjwa wake ni wasiwasi. Huo wasiwasi umeletwa na tumbo, haukulileta. Nilitoka pale nimewaka, nikamwaga maneno mpaka mlinzi wa getini akaniomba nisogee mbele kidogo na hasira zangu.

Bi Kola hakusema kitu njia nzima. Nilidhani amechoka tu.

Kiwandani neno "mawazo" lilifika kabla yetu, sijui lilipanda gari gani. Bwana Laini alikuja akasimama mbele ya meza yake, na hilo ndilo baya, maana siku zote husimama nyuma. Akasema, "Bi Kola, nimekuvumilia. Kama hospitali wamesema huna ugonjwa, basi huna. Kuanzia sasa ukiinuka kabla ya kengele, kiti hiki namkalisha mwingine, wewe unakwenda kukata nyuzi."

Kukata nyuzi ni kusimama kona ya mwisho na mkasi mdogo, unapunguza nyuzi zinazoning'inia kwenye mashati yaliyokwisha. Ndipo wanapoanzia wanaofika leo. Wifi yangu alisema, "Nimesikia." Asubuhi za siku zilizofuata alikunywa nusu kikombe cha chai na kukalia mguu mmoja, akabana, akashona huku machozi yanamlenga. Niwaambie ukweli, siku hizo nilimchukia yule bwana kwa roho yangu yote, na bado sijamaliza.

Halafu asubuhi moja ya joto Mama Birika akachemsha maziwa yakakatika. Mabonge matupu. Akayamwaga, akatuletea chai ya rangi, kavu, huku anajitetea kwamba maziwa kaletewa yameshaharibika. Kelele zilizopigwa! Fundi wa mifuko akauliza haya ni maji ya kuoshea nini. Mimi pia nilinuna, sikatai. Na mkate nao siku hiyo ulikuwa wa duka jingine, mgumu, unatafuna mpaka taya zinauma. Tukanywa, tukarudi kwenye kazi tukinung'unika.

Kabla ya mchana kola zikaanza kunijaa mezani. Mimi ambaye kila siku namsubiri, sasa ninakimbizwa.

"Wifi, leo unanifukuza?"

Akasimamisha cherehani. Akaweka kiganja tumboni kama anayesikiliza mlango. "Limenyamaza," akasema.

"Limechoka hilo. Na lenyewe lina haki ya likizo."

"Hapana. Leo kuna kitu hakikuingia."

Nikaruka. "Mkate! Ule mkate wetu wa kila siku ndio mchawi! Au hiyo chai! Acha vyote, wifi, kuanzia leo acha vyote, kunywa maji!"

Akanitazama kama ninavyotazamwa nikikosea kuweka uzi. "Cherehani ikiruka mishono," akasema, "unabadilisha sindano na uzi kwa mpigo mmoja?"

"Ikipona imepona, mimi najali nini!"

"Mimi najali. Ukibadilisha vyote, hutajua kibovu kilikuwa kipi. Utatupa sindano nzima bure."

Hiyo ndiyo kanuni yetu pale, anafundishwa kila anayekalia mashine: gusa kitu kimoja, shona, tazama. Ndipo uguse kingine. Akaliendea tumbo lake vile vile. Kwanza akaacha mkate, chai akainywa kama kawaida. Tumbo likampigia kelele zile zile, akabana meno mpaka kengele. Akaendelea hivyo siku chache ili asije akasema ni bahati. Kisha akaurudisha mkate, akamwomba Mama Birika amkingie kikombe kabla maziwa hayajamiminwa. Nyumbani akafanya hivyo hivyo. Na tumbo, jamani, likatulia. Alikula mkate, tumbo kimya. Alikula maharage, mayai, wali, tumbo kimya. Alishona asubuhi nzima kifungo cha sketi kikiwa kimefungwa.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo nikasherehekea. Yeye akasema bado, mashine ikishapona unarudisha kile kibovu uone kama itaruka tena. Siku ya mapumziko, nyumbani, akamimina chai ya maziwa kikombe kimoja, akainywa mbele yangu, bila kitu kingine. Nilimwangalia kama anakunywa sumu. Tulipofika kwenye kuosha vyombo, akaweka sahani chini, akashika ukuta, akatoka mbio.

"Haya," mama akasema. "Vyombo vimemkimbiza tena."

"Mama!" Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Ni chai! Ni maziwa ya kwenye chai! Vyombo vinaoshwa baada ya chai, kwa hiyo vyombo ndivyo vinavyosingiziwa!"

"Chai ina ubaya gani? Wewe nimekukuza kwa chai."

"Mimi si yeye!"

Mama akachukua kitambaa akaanza kuosha vile vyombo mwenyewe. Kuomba radhi hakuomba. Lakini aliosha vyote.

Tukarudi kwa daktari. Alikuwa na kikombe chake mezani, kinafuka moshi. Bi Kola akaeleza taratibu, mkate, chai, chai ya rangi, chai ya maziwa, kila kimoja na siku zake. Daktari akakunja uso.

"Lakini nilikwambia uache maziwa. Ukaniambia umeacha hata tone."

"Niliacha."

"Na kumbe ulikuwa unakunywa chai ya maziwa kila siku?"

"Nilikuwa nakunywa chai, daktari. Chai hukusema."

"Chai ina maziwa ndani!"

Hapo sikuvumilia. "Daktari, samahani," nikasema, na mkinisikia nimesema samahani mjue inakuja. "Chai ni maziwa? Mgeni akija kwako unamwambia 'karibu maziwa'? Hicho kikombe chako, nikikuuliza unakunywa nini, utanijibu unakunywa maziwa? Chai ni chai! Ikikosa maziwa ndiyo inayotafutiwa jina la ziada. Umemwuliza mtu kama anakunywa maziwa, kakujibu sawasawa. Ungemwuliza anakunywa nini asubuhi, tungekuwa tumemaliza siku nyingi!"

Akatazama kikombe chake. Nampa haki yake, hakunifukuza. Akasema, "Kweli. Tumejifunza sote."

Tumejifunza sote! Yeye kajifunza akiwa amekaa, mwenzangu kajifunza akikimbia. Lakini akaeleza vizuri. Alisema wapo watu wengi, wengi kuliko tunavyofikiri, ambao wakishakuwa watu wazima matumbo yao yanashindwa kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa. Si vidonda, si mawazo, wala si kitu cha kuambukiza. Mkate hauna kosa lolote. Aendelee bila maziwa, na akiona damu au akianza kukonda, asikae nyumbani akijitibu, arudi. Neno "mawazo" halikusikika tena mle chumbani. Aliyelisema alilimeza kimya kimya, na wifi yangu akamshukuru. Akamshukuru!

Mngedhani yamekwisha. Kazini, Bwana Laini akamwona Mama Birika akimkingia Bi Kola kikombe peke yake kabla ya kumimina maziwa. Akaja, wenzetu wengi wameshamaliza na kurudi kwenye cherehani.

"Hii nini tena? Chai ya tajiri haikutoshi?"

Bi Kola akamweleza, kwa adabu, kwamba maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamsumbua tumbo, na daktari amethibitisha.

"Juzi mawazo, leo maziwa," Bwana Laini akasema kwa sauti ya kusikika laini nzima. "Kesho utasema uzi. Wote hapa wanakunywa chai hii. Wewe una tumbo la kifalme?" Akamkingisha Mama Birika kikombe kingine, kikajaa chai ya maziwa mpaka ukingoni, akakitua juu ya meza ya Bi Kola, katikati ya kola. "Kunywa hapa hapa tuone. Ukiumwa, nitaamini. Usipoumwa, mkasi wa nyuzi unakungoja."

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimeshasimama, kiti kimeshaanguka, nimeshachagua matusi na kuyapanga. Wifi yangu akanishika gauni bila kunitazama. Cherehani zilikuwa zinanyamaza moja moja, mpaka jumba zima likawa kimya, na ukimya mle ndani ni kitu cha kutisha, hatujauzoea. Niliona mkono wake ukikiendea kikombe, na nikafikiri atakunywa. Ndiyo, nilifikiri atatii, maana ndiyo tabia yake.

Akakiinua kile kikombe, akakisogeza mbele ya Bwana Laini.

"Nimeinywa miaka yote hapa hapa mbele yako," akasema. "Nimeumwa mbele yako. Nimetoka jasho mbele yako. Kama hukuniamini siku zote hizo, leo utaona nini kipya? Sinywi."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa mifuko alikuwa anatazama mifuko yake.

Ukimya ulimtoa tajiri ofisini kwake juu, akashuka ngazi akiuliza mbona mashine hazilii. Bwana Laini akaanza, huyu hivi, huyu vile, anadeka, anakataa chai, anakata laini. Tajiri akauliza swali moja tu, "Wiki hizi ameinuka mara ngapi?"

Bwana Laini akakohoa. "Wiki hizi... hajainuka. Lakini..."

"Hajainuka hata mara moja!" nikadakia. "Na mimi ndiye ninayerundikiwa! Tazama meza yangu!" Meza yangu ilikuwa imefunikwa kola, ncha zake kali, nzima nzima, zimeshinda mikono yangu.

Tajiri akazitazama. Akaokota moja, akaibonyeza ncha kwa kidole gumba, akaitupa kwenye rundo. "Mwache akae," akasema, akageuka akapanda ngazi. Basi. Mwache akae! Kama anayemsemea paka kwenye kochi. Hakusema pole, hakusema tumekukosea. Na Bwana Laini akapiga makofi, akasema, "Haya, haya, kazi, laini isikatike," kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunapiga porojo. Kikombe akakiacha pale pale mezani. Nikakimwaga nje mimi.

Jioni tulitoka pamoja, na mimi njiani sikunyamaza. Nilikuwa nagawa adhabu. Bwana Laini nilimwapiza mpaka kizazi cha nne. Muuza dawa nilimpangia anywe maziwa mpaka yamtoke puani. Mama nilimwandalia hotuba ndefu. Nikamwambia, "Wifi, umewapasulia! Umekipigania kiti chako! Sasa nataka uwafuate mmoja mmoja wakuombe radhi, wote waliokuita mvivu!"

Akasimama. Tulikuwa karibu na nyumbani, watu wanapita, naye akasimama katikati ya njia akaanza kulia, kilio cha sauti, begi limemwanguka.

"Nini sasa? Si umeshinda?"

"Wifi," akasema, "mimi nilikuwa nimeshawaamini."

"Umewaamini nani?"

"Wote. Waliposema mvivu, nilikaa nikajitazama nikasema labda ni kweli. Daktari aliposema mawazo, nikasema basi ndivyo nilivyo. Siku ile tulipotoka hospitali nilikuwa naomba msamaha moyoni. Nakuomba wewe, namwomba mama, kwa usumbufu." Akajifuta kwa kiganja. "Mimi mwenyewe nilishajiita mvivu. Nani ataniomba radhi kwa hilo?"

Na mimi, Domo, nilisimama pale njiani nimeshika begi lake, sina hata neno moja.